Magari Mawili kwenye Kamba ya Didas

Inatangazwa kwa walio hai na wafu, Wakatoliki na Walutheri bila ubaguzi, kwamba mwaka 1956 Bwana Didas wa Kalenga, msafirisha mahindi kwa maksai, aliazimia kuingia katika ustaarabu kwa kununua gari. Liwe na nguvu ya kupanda milima yote ya Iringa, na linywe mafuta kama mtawa anavyokunywa pombe mbele ya askofu.

Malipo yangetokana na maksai wake. Akisema tu "nachukua hili," Timotheo, mchinjaji wa Kihesa, angewanunua wote na kuwachinja. Tayari alisimama kando ya maksai, kisu kimenolewa. Didas alikuwa akimtazama Koplo, maksai kiongozi: akikosea gari, Koplo ataliwa bure.

Basi akapima magari kama alivyozoea kupima maksai: mgongo kwa mgongo, kamba yake ya ngozi, ile ya maksai, katikati, wavutane. La bluu la Liberatus, muuzaji mwenyeji wa Iringa, lilitazama juu mlimani. La kijani la Jailos, muuzaji aliyetoka Mbeya, lilitazama chini.

"Kila tumbo chupa moja ya petroli," Didas akasema. "Vuteni."

Yakanguruma. La bluu likaliburuta la kijani kupanda mlima, mawe yakiruka na kupasua vichwa vya watazamaji. Ghafla likakohoa, likazimika. Kavu! La kijani, lililobakiwa na mafuta, likalirudisha chini kinyumenyume mpaka bampa likang'oka, likamfyeka miguu Liberatus aliyeruka nje.

"Langu ndilo lenye nguvu!" Liberatus akafoka, amelala chali.

"Nguvu gani, mlevi mkubwa? Langu halinywi!"

"Wewe ulipewa mteremko, mwizi wa Mbeya!"

Akainuka na hendeli ya kuwashia injini, akampiga Jailos taya. Jailos akamjibu kwa spana, sikio likabaki linaning'inia. Didas akaingia kuamua, na kila mmoja akampa kipigo alichomwandalia mwenzake. Watazamaji wa Iringa wakawavamia makuli waliokuja na Jailos. Mwalimu wa katekisimu alionekana akimng'ata mtu bega.

Timotheo akachoka kusubiri. "Biashara ni biashara," akasema, akamshika Koplo pembe, kisu mkononi.

Koplo hakuwa na habari za ustaarabu. Alimchoma pajani, akamnyanyua, akambwaga juu ya kioo cha gari la kijani. Kioo kikawa chenga. Timotheo akalia kama mbuzi, na vita vyote vikasimama kumsikiliza.

Benedicta, mkewe Didas, akapita katikati ya majeruhi, akamfuta mumewe damu kwa kanga.

"Baba Tekla, watu wameumizana kwa ajili yako. Sema basi. La nguvu, au lisilokunywa?"

Wote wakasogea kusikia, hata wenye taya zilizovunjika. Didas alitazama la bluu, akatazama la kijani, akamtazama Koplo anayetafuna majani na pembe yake nyekundu. Akatema jino.

"Nifungulieni kamba yangu."