Karatasi ya njugu iliyonikimbiza leo

Leo nimekimbia na malapa hadi sokoni Lubao kwa sababu ya karatasi ya njugu.

Siku hizi tunanunua vitu kwa simu, kwa hivyo dada yangu alimpa muuza njugu katalogi kuukuu ya duka, awafungie wateja.

Hakujua kwamba marehemu Mama alikuwa amechora duara humo, kuzunguka picha ya cherehani aliyoitamani miaka yote.

Nilipofika, ukurasa huo ulikuwa mkononi mwa mzee mmoja, umejaa njugu.

"Baba, naomba hiyo karatasi."

"Na njugu zangu nitaweka wapi, mama?"

Nikamwonyesha duara. "Mama yangu ndiye aliyechora. Tumemzika juzi tu."



Mzee akavua kofia, akamimina njugu humo.

Karatasi ina chumvi, lakini duara lipo.

Nyinyi mmetunza karatasi gani ya mtu wenu aliyefariki?