Faili Mbili za Kwamboka

Mwalimu Manasseh Anyona alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili katika shule za msingi za Nyamira. Alipostaafu alirudi kwenye shamba lake la chai pale Magwagwa, na Sabato baada ya Sabato akawa anabeba kamera kwenda kurekodi kwaya za makanisa ya Kiadventista. Kazi ya miaka kumi na minne ilikuwa ndani ya diski moja nyeusi. Miaka mitatu iliyopita aliipeleka Kisii mjini kwa Jinal, binti wa Kirit mwenye duka la kompyuta, naye akamnakilia kila kitu kwenye diski ya pili, nyeupe. Mwalimu akaifungia nakala hiyo kabatini na kuisahau.

Mwaka huu diski nyeusi ilijaa. Asubuhi moja akaitoa ile nyeupe, akamwambia mkewe Bitutu kwamba ataifuta apate nafasi ya nyimbo mpya.

"Yaya, usifute," Bitutu akasema, huku anachambua mboga mlangoni. "Baba Lavender, una hakika hizo mbili ni kitu kimoja?"

"Majina ni yale yale. Ukubwa ni ule ule."

"Ulikuwa na mapacha darasani wewe. Jina la ukoo moja, kimo kimoja. Walikuwa mtu mmoja?"

Mwalimu akaiweka diski mezani. Video zilikuwa mia sita na zaidi. Kuzitazama zote mbilimbili kungemmalizia mwaka. Lakini binti yao Lavender, alipopata kazi ya uuguzi, alikuwa amemwachia laptopu yake kuukuu, na kwenye laptopu hiyo Mwalimu alikuwa amejifunza, kwa masomo ya simu, kuandika programu ndogo ndogo: ya kutoa jedwali la kuzidisha, ya kupanga majina kwa alfabeti. Akaona hii haiwezi kumshinda. Fungua faili hii, fungua ile, uliza kama zinalingana. Mistari sita tu.

Siku hiyo hiyo akaja mgeni kutoka Birongo. Aliitwa Bonareri, mwanamke wa miaka arobaini hivi, ametota mvua hadi magotini.

"Mwalimu, mimi ni mtoto wa Kwamboka," akasema. "Yule aliyekuwa akianzisha nyimbo. Tulimzika mwezi wa nne. Nimeambiwa wewe uko na sauti yake."

Mwalimu alimkumbuka Kwamboka vizuri sana. Akamwambia Bonareri arudi Jumapili, video itakuwa tayari. Alipoondoka, Mwalimu akachagua faili hiyo hiyo ya Kwamboka iwe ya kwanza kujaribiwa na programu yake.

Laptopu ikanguruma, ikapata moto, kisha ikakwama kama ng'ombe aliyekataa mteremko. Kishale hakikusogea. Akaizima kwa nguvu, akaiwasha, akajaribu tena. Ikakwama tena. Akasoma mistari yake sita kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu, wala hakuona kosa.

Keshoye alikuwa Kisii, mbele ya meza ya Jinal. Jinal akaitazama programu, akatabasamu.

"Mwalimu, hii faili ina gigabaiti sita. Umeiambia kompyuta ibebe mbili zote mara moja kichwani, na kichwa chake kina nne tu."

"Sasa itazilinganishaje bila kuzibeba?"

"Wewe ukisahihisha madaftari mawili yanayoshukiwa kunakiliana, unayakariri yote kwanza?"

"Hapana. Naangalia ukurasa kwa ukurasa."

"Basi nayo isome kipande kwa kipande, megabaiti moja moja. Kipande cha huku, kipande cha kule. Uliza ukubwa kwanza, maana ukubwa ukitofautiana hakuna haja ya kusoma. Na ukikuta vipande viwili havilingani, simama hapo hapo. Jibu umeshalipata."

Mwalimu akarudi nyumbani amejaa furaha, akaandika upya. Safari hii laptopu haikukwama. Namba za vipande zikaanza kupanda kwenye skrini. Akaanza na video fupi ya kwaya harusini, ya vipande mia nane. Namba zikapita mia nane. Zikapita elfu moja. Zikafika elfu tisini, na bado zilikuwa zinakimbia.

Faili ya vipande mia nane inatoa wapi kipande cha elfu tisini? Akamwita Bitutu aje aone, Bitutu akaona, wakabaki wote wawili wameduwaa mbele ya namba. Akampigia Jinal.

"Faili ikiisha, Mwalimu, kompyuta inakupa kipande kitupu," Jinal akasema. "Tupu ya huku na tupu ya kule zinalingana. Kwa hiyo programu yako inasema sawa, tuendelee. Itaendelea hadi kesho kutwa. Iambie, ukipata tupu, acha."

Mwalimu akakata simu. Maisha yake yote alifundisha kwamba sifuri ni sawa na sifuri, wala hakuwahi kufikiri kwamba ukweli huo unaweza kumkimbiza mtu bila kikomo. Akaongeza mstari mmoja. Harusi ikaisha mara moja: SAWA.

Ndipo akaijaribu ile ya Kwamboka. Ikafika kipande cha 3,412, ikasimama: TOFAUTI.

Aliamini ni kosa lake tena. Akairudia mara tatu, na mara zote ilikuwa 3,412. Akacheza mwanzo wa video ya diski nyeusi, kisha mwanzo wa ile ya nyeupe. Zilifanana kama maji na maji. Mwishowe akachukua kalamu. Vipande elfu sita na ushei, dakika arobaini. Kipande hicho kitakuwa kwenye dakika ya ishirini na mbili. Akaisogeza video hadi hapo.

Katika diski nyeupe, Kwamboka alipiga hatua moja mbele ya kwaya, akainua uso, akaanzisha ubeti peke yake. Katika diski nyeusi uso wake ulivunjika ukawa vijisanduku vya kijani, sauti ikakatika, na iliporudi kwaya nzima ilikuwa imeshapokea.

Nyeupe ndiyo aliyotaka kuifuta. Lakini kilichomchanganya zaidi ni kwamba nyeupe ilitoka kwa nyeusi. Mtoto anaonaje vizuri kuliko mama aliyemfundisha kutazama?

"Ilinakiliwa diski nyeusi ikiwa bado nzima," Jinal akamweleza kwenye simu. "Imeanza kuugua baadaye, kidogo kidogo, bila kupiga kelele. Usiandike kitu tena juu yake."

Mwalimu akasema amefahamu, ingawa nusu tu ndiyo iliyomwingia.

Jumapili Bonareri alikuja, akaketi mbele ya laptopu na mkoba wake mapajani. Dakika ya ishirini na mbili ilipofika, alisikiliza bila kupepesa. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Nilidhani sauti yake ilikuwa nzito," akasema hatimaye, amekunja uso. "Siku zote naisikia nzito. Hii ni nyembamba. Mwalimu, ni yeye kweli?"

"Ni yeye. Nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka kwake."

Bonareri akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, akakisogeza kiti karibu na skrini. Bitutu akaleta chai; haikunyweka. Walimrudishia mara saba. Mara ya saba Bonareri alianza kuimba naye, chini chini, nusu toni chini ya mama yake.

Programu ilimaliza kazi siku ya Jumatano. Faili kumi na moja zilitofautiana. Tisa ziliokolewa na diski nyeupe. Mbili zilizobaki zinaonekana nzima kwenye diski zote mbili; Mwalimu bado anazitazama, ya nyeusi na ya nyeupe, na hajajua ni ipi iliyo kweli.