Dira ya Kamrul

Mdogo wangu Kamrul aliuawa akiwa na miaka ishirini na mbili, katika mwaka wake wa tatu wa fizikia chuoni Dhaka. Aliyemuua ni baba yetu mdogo, Motaleb, aliyekuwa akimbeba mabegani kumvusha maji kwenda shule. Naanza na hilo kwa sababu bondeni kwetu kila mtu sasa ana hadithi yake, na wako wanaosema Kamrul alipigwa na radi. Si kweli. Radi ilimpiga baba.

Ilikuwa mwezi wa Boishakhi, mpunga umeiva na mafuriko yako njiani, wakati ambao hakuna mtu anayeweka mundu chini kwa sababu ya wingu. Baba alianguka katikati ya mstari wa wavunaji. Nilipomfikia shati lilikuwa limechanika vipande na ndala zimeyeyuka miguuni. Tulimzika kabla ya alasiri.

Kwetu watu husema mifupa ya aliyepigwa na radi hugeuka sumaku, na kwamba mjini wako matajiri wanaoinunua. Kaburi la namna hiyo hulindwa siku arobaini. Baba mdogo Motaleb alijitolea kulilinda, na usiku wa kumi na moja akasinzia. Asubuhi tulikuta udongo umetupwa pembeni, sanda iko kwenye matope, kichwa na mikono ya baba havipo. Mama aliiokota sanda akaenda kuifua. Kamrul, miaka kumi na mitano, aliingia kaburini akampanga baba upya kwa mikono yake mwenyewe, akatoka akatapika, akasali.

Tangu siku hiyo aliuliza jambo moja tu, kama kweli radi hugeuza mifupa kuwa sumaku. Imamu alimwambia hajaliona katika Kitabu wala katika Hadithi. Mwalimu wa shule alimwambia hajawahi kupima.

"Basi nitapima mimi," alisema.

Alipopata nafasi chuoni, baba mdogo alimtania mbele ya wageni kwamba anapanda basi kwenda Dhaka kusomea ngurumo na hapa zipo bure. Kamrul alimjibu, "Za hapa ni bure, baba mdogo, ila hazina maelezo." Wote walicheka, na Motaleb zaidi ya wote. Alimpenda sana mtoto yule. Mungu anajua hilo pia.

Mwaka wa pili alinipigia simu. Profesa wake hakumcheka. Alimpa mfupa wa ng'ombe, wakaupitishia cheche ya mashine kubwa ya maabara.

"Ulipasuka kama chungu, dada Hasna," aliniambia. "Nikaweka dira juu yake. Hakuna kitu. Baba hakuwa na kitu walichokitaka." Kisha nikamsikia analia.

Mwaka jana alikuja kutusaidia kuvuna, dira mfukoni. Wiki hiyohiyo radi ilimuua jirani yetu Nurjahan juu ya tuta, akiwapelekea wanawe wali wa maji na pilipili. Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, wanawe walimkamata mtu kaburini na gunia. Alikuwa Jobbar, kibarua wa tanuru la matofali kijiji cha pili. Ndani ya gunia mlikuwa na mkono wa mama yao.

Nilipofika na Kamrul, Jobbar alikuwa amefungwa kwenye mpopoo. Jicho moja lilikuwa limefumba, meno yametapakaa kwenye kanzu yake, mkono wa kushoto umevunjika na unaning'inia. Walikuwa wanampiga kwa zamu, kwa fimbo na kwa makasia, na aliyechoka alimpisha mwenzake. Kila pigo lilisikika kama nguo nzito inayopigwa juu ya jiwe. Wengine walimdhihaki aite sumaku yake ije imfungue.

Kamrul alipenya akasimama mbele yake. Alimwambia mtoto mkubwa wa Nurjahan, "Kaka, nipe mama. Dakika moja, kisha tumrudishe."

Aliulaza ule mkono chini, akaufunika kwa kitambaa cha bega lake, akaweka dira juu ya kitambaa. Watu walisogea. Sindano ilitulia kaskazini. Akaigeuza dira, sindano ikarudi kaskazini. Kisha akaomba mundu, akausogeza, na sindano ikauruka kuufuata.

"Chuma inakijua," alisema. "Mama yenu ni mama yenu tu. Hakuna mnunuzi, hakuna sumaku. Huyu mpelekeni polisi."

Fimbo mbili tatu ziliwekwa chini. Niliona kwa macho yangu, ziliwekwa chini. Ndipo baba mdogo Motaleb akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo kaka yangu alifukuliwa bure?"

Kamrul hakujua kusema uongo. "Bure, baba mdogo."

Motaleb aliinua kasia kwa mikono miwili, macho yake kwa Jobbar. Kamrul alijitupa juu ya Jobbar. Kasia lilimpata nyuma ya sikio, nikasikia mfupa. Damu ilimtoka puani na masikioni. Alikufa kwenye boti tukimkimbiza hospitali, kabla hatujaona mji, kichwa chake mapajani mwangu, nikimsomea shahada. Polisi walipofika walimkuta Motaleb ameketi palepale chini ya mpopoo, kasia miguuni.

Kaburi la Kamrul hatukulilinda.

Siku arobaini zilipopita, Jobbar alikuja mlangoni, mkono umefungwa shingoni. Mama alitaka kumfukuza. Jobbar alisema ni yeye aliyemfukua baba. Aliipeleka mifupa mjini, mtu akaipitishia chuma, akamcheka, akamwambia amechelewa, sumaku huisha baada ya siku saba. Ndiyo sababu kwa Nurjahan aliwahi. Mifupa ya baba aliifukia kwenye kingo za mto, chini ya mti wa hijoli. Miaka saba alikuwa akipita pale akitazama pembeni.

Tulikwenda naye mchana. Alichimba kwa mkono mmoja, mimi kwa yote miwili. Kichwa kilipotokea nilikifuta udongo, nikatoa dira ya Kamrul, nikaiweka juu ya paji la uso la baba. Sindano haikutikisika. Nilibaki nikiitazama, kwa sababu hilo ndilo alilokwenda Dhaka kulitafuta, na mimi ndiye niliyeliona.

Tulimzika baba mzima, kando ya mwanawe. Jioni ile mama alimtuma mke wa Motaleb jela na maneno haya: "Mwambie kwamba kaka yake amerudi nyumbani. La mwanangu bado sijaweza kumsamehe. Namwomba Mungu aniwezeshe kabla sijafa."