Botini za Kabange

Marehemu Ndaya, aliyezikwa Kamina mwaka huu wa 1958, alilima mihogo ng'ambo ya reli, akamtunza mume wake Mwenze, mfanyakazi wa njia ya treni, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa amezika watoto watatu wachanga kabla Mungu hajampa mabinti wawili kwa siku moja. Wakaitwa Kyungu na Kabange, kama mapasa wote wa Baluba wanavyoitwa, naye Ndaya tangu siku hiyo akawa Mama Mapasa kwa kila mtu.

Mama wa mapasa ana masharti yake. Nguo zao ni za kitambaa kimoja, na ukimkatia mmoja muwa, ukate na wa pili, urefu uleule. Wazee walimwambia Ndaya kwamba pasa akionewa hukasirika, akarudi alikotoka. Ndaya alikuwa Mkristo wa kweli, hakukosa Misa. Lakini mtu aliyezika watatu hachezi na neno kama hilo.

Walipokuwa na miaka mitatu, homa ilimpata Kabange ikamwachia mguu wa kushoto usio na nguvu. Miaka mitano alibebwa mgongoni. Mwaka wa 1955, wiki moja kabla ya Komunyo ya Kwanza, hospitali ya misioni ikampatia chuma: fito mbili za kushika mguu huku na huku, mikanda ya ngozi pajani na gotini, na ncha mbili zilizopindwa chini ili ziingie katika kisigino cha kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa juu ya wazazi.

"Siku ile usinibebe, mama," Kabange alisema. "Minyi, mimi mwenyewe, nitamwendea Yesu na miguu yangu."

Ndaya akaenda dukani kwa Sadiki, mfanyabiashara Mwislamu wa asili ya Maniema. Alikwenda na ukambaa aliopimia mguu wa Kyungu. Wa Kabange hakuupima. Tangu lini mapasa wakapimwa mara mbili? Akarudi na jozi mbili za viatu vyeupe vya kitambaa, namba ileile. Kyungu alivivaa palepale akaenda kumringia rafiki yake Noémie.

Siku ya Alhamisi, hospitalini, muuguzi Élisée alivishika viatu vya Kabange akavikunja kwa vidole viwili kama chapati.

"Mama, hii iko kiatu ya kulalia. Chuma itaipasua mbele ya kufika mlangoni. Na angalia." Akakitia kiatu kwenye mguu wa kushoto, kikapwaya. Mguu ule ulikuwa umebaki mdogo, na Ndaya, aliyeuosha kila jioni, hakuwahi kujiruhusu kuona. "Leta ya ngozi, yenye kisigino kigumu. Kesho nitoboe. Kesho ikipita, Siku ya Bwana atabebwa."

Ndaya akambeba Kabange hadi dukani, kile chuma kikiwa kikapuni. Kyungu aliwafuata nyuma, amevaa viatu vyake vyeupe, akikwepa kila tope.

"Mama Mapasa!" Sadiki aliita. "Umerudi? Weye hata matata unaleta mbili-mbili!"

Ndaya hakucheka. Alimweleza. Sadiki akaacha utani, akapiga magoti mwenyewe mbele ya mtoto na kumpima mguu mmoja, kisha mwingine. Viatu vya ngozi ngumu alivyokuwa navyo vilikuwa botini nyeusi za wavulana, za kamba. Mguu wa kulia ulichukua namba ishirini na tisa. Wa kushoto, ishirini na sita.

"Njo hivi, mama. Siwezi kuuza kiatu kimoja-kimoja. Zile zitakazobaki nitauzia nani, muntu aliyeazima mguu wa mudogo wake? Rudisha nyeupe jozi mbili, uchukue botini jozi mbili. Zaidi ya hapo siwezi."

Jozi mbili. Ndaya alielewa mara moja. Kabange angepata viatu, na Kyungu asingepata kitu. Alijaribu kumvisha Kyungu zile botini mbili zilizobaki. Ya kushoto ilimwenea, ya kulia haikupita hata vidole.

Sadiki akajifanya anapanga vitambaa. Ndaya alisimama pale na ukambaa wake mkononi. Kumpa huyu ni kumwonea yule, tena yule mwenye afya, ambaye hakuwahi kumhofia. Akafanya jambo ambalo mzazi halifanyi mbele ya mtoto wake: alipiga magoti juu ya saruji, akakutanisha viganja.

"Kyungu, mama anakuomba viatu vyako."

"Nilishaonyesha Noémie," Kyungu alisema, machozi yakimtoka.

"Najua."

"Atanicheka."

"Atacheka, ndiyo. Kama moyo wako unakataa, useme sasa hapa, mama asikie. Usiende na hasira ulikotoka."

Kyungu alimtazama dada yake, aliyekaa juu ya gunia la chumvi na botini mbili zisizolingana. Kabange hakuomba. Alikuwa ameinamisha kichwa, akifunga kamba kisha akizifungua.

"Zake ziko mbaya sana," Kyungu alisema mwisho. Akavua kimoja, akakipangusa kwa sketi, akavua cha pili. "Mama, simama basi. Minyi siendi popote."

Jumapili, Ndaya alikaa nyuma ya kanisa, kwani hakuyaamini machozi yake. Alisikia chuma kabla ya kukiona. Watoto wote walikwenda mbele wawili wawili, na mwisho kabisa wakaja wa kwake, Kabange akitupa mguu kwa nguvu ya kiuno, Kyungu pembeni, miguu mitupu kwenye sakafu, akipunguza mwendo wake ili wawe sawa. Wachache waligeuka. Noémie aligeuka pia.

Kwenye kizuizi cha altare watoto walipiga magoti, na Kyungu akapiga. Kabange akabaki wima. Chuma hakikuwa na kiungo gotini, na hakuna aliyelifikiria hilo, si Élisée, si mama yake. Alisimama peke yake juu ya mstari wa vichwa vyenye shela nyeupe, uso umeiva kwa aibu, akatazama nyuma kumtafuta Ndaya.

Kyungu akainuka. Hakumshika dada yake. Alisimama tu kando yake, bega kwa bega. Padri alifika kwao, akatua kidogo, akamkomunisha mmoja, kisha wa pili, wote wawili wakiwa wamesimama.