Picha za Kilolo Zilizofunikwa na za Mbalizi

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka masikio bado yanapata moto. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, nimepata kazi kwenye kituo cha utafiti wa mazao nje kidogo ya Mbeya, na kipaji changu kikubwa kilikuwa kuwahi nyumbani. Wenzangu walipenda kutembea. Mimi nilipenda kiti changu, chai ya tangawizi na blanketi.

Mtafiti wetu, Dada Atupele, alikuwa na picha za majani ya viazi yaliyopigwa na ukungu. Misimu miwili ya mashamba, maelfu ya picha, diski moja ya mashamba ya Kilolo na nyingine ya Mbalizi. Kwa picha hizo angejua mbegu ipi inavumilia, awaambie wakulima kabla hawajapanda. Akanipa kazi ya kuzipandisha kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazotunza mafaili, kwa programu maalumu ya kubeba mizigo mikubwa. Hata mtandao ukikatika, ukirudi inaendelea pale ilipoishia.

Programu ilikuwa na akili. Tatizo lilikuwa aliyeishika. Nilitakiwa kufungua folda mbili huko juu, nikaona usumbufu, nikazielekeza diski zote kwenye folda moja. Sasa kamera zote mbili zilihesabu picha kuanzia moja. Picha ya kwanza ya Mbalizi ilipofika ikaikuta ya Kilolo yenye jina lilelile, ikakaa mahali pake, ya Kilolo ikafutika. Ya pili hivyohivyo, mpaka ya mwisho. Mimi nikaona mstari wa programu unaoonyesha kazi ilipofika umejaa, nikaifuta diski ya Kilolo ili itumike tena shambani, nikaiwahi chai yangu.

Kesho yake Dada Atupele akaniuliza kwa upole, "Kaka, Kilolo iko wapi?"

"Iko Iringa, dada."

Hakucheka. Nikatumwa huko, mimi ambaye hata sokoni nilikuwa natuma watu.

Aliyepiga picha zile alikuwa Mzee Luka, bwana shamba mstaafu. "Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kihehe. "Umekuja kuuza sura au una shida?" Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hapa kwetu ukileta mbegu ya viazi, anayepokea anahesabu magunia kwa sauti, wewe unasikia. Ndiyo unaondoka. Huko wingu nani alikuhesabia?"

"Niliona mstari umejaa, mzee."

"Mstari! Hata tumbo langu hujaa maji, ikaitwa nimekula?"

Akaingia ndani, akatoka na kopo la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na kadi za kamera, kila moja imefungwa kwenye karatasi yenye jina la shamba. "Sijafuta hata moja," akasema, "maana sijasikia mtu akinihesabia." Akanihesabisha zote kwa sauti kama mtoto wa chekechea, mkewe akinichungulia mlangoni, hana mbavu.

Kadi mbili za shamba moja zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Picha zake hazikurudi, na shamba lile Dada Atupele alilitoa kwenye utafiti wake. Zilizobaki zilitosha. Wakulima walipata jibu lao kabla ya kupanda.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayebonyeza haraka kuliko nilivyobonyeza mimi. Programu za siku hizi zina amri ya kulinganisha kila faili la hapa na la kule. Iendeshe, kaa hapo, soma inachokuambia, chai acha ipoe. Kila shehena ipe folda yake. Usifute cha hapa mpaka cha kule umekifungua ukakiona kwa macho. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, ukichekwa chekwa. Kicheko cha Mzee Luka hakikuniua, kilinifunza kazi inayonilisha mpaka leo.

Mungu akuepushe na haraka yetu sisi wapenda viti. Ulichopewa kukifikisha kifike kizima, na aliyekutuma akutume tena.