Siku ya Jiko Baridi

Watu huniambia nisamehe, vita vimekwisha, watoto wamekua. Wanaosema hivyo hawajawahi kunyang'anywa mtoto mchana kweupe, tena chai ikiendelea kunywewa. Mi sijasamehe, na ninayaandika haya nikiwa na akili zangu timamu.

Tulikaa katikati ya Bujumbura, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Duka lilikuwa la kaka mkubwa wa mume wangu. Sisi tuliliendesha tu. Nyumbani tulikuwa mume wangu, mama yake ambaye wote tulimwita Ba, mimi, binti yangu aliyekuwa anaanza shule, na mwanangu wa kiume wa miaka mitatu hivi. Kaka mkubwa na mke wake walikaa Kinindo, upande wa ziwa, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu, bustani na mlinzi getini. Walikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto. Mke huyo nilimwita bhabhi, kama sisi Wahindi tunavyomwita mke wa kaka.

Kila asubuhi nilimpaka mwanangu mafuta, nikamkanda miguu huku akinipiga mateke, nikamwogesha ndani ya beseni, kisha nikamtia kidoto cha wanja nyuma ya sikio asipatwe na kijicho. Wali na dengu alikula mkononi mwangu tu, tonge dogo dogo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Sukari shida, petroli shida, gesi ndiyo usiseme. Tukapikia mbabula, jiko la makaa, kama jirani zetu wote. Milimani milio ya bunduki haikukoma. Binti yangu alikuwa akiisikia anasema, "Hiyo ya mbali," na kuendelea kuchora.

Basi siku moja risasi iliyopotea ikatoboa tangi la maji juu ya paa. Haikumgusa mtu. Maji tu yalishuka ngazi mpaka dukani, yakalowesha majora ya vitenge. Jumapili iliyofuata bhabhi akaja na keki, akakaa karibu na Ba, akashika mkono wake.

"Ba, huku mujini apana pahali pa mutoto. Mutupe kijana akae kwetu mpaka kutulie."

Kijana! Binti hakutajwa, kana kwamba risasi huchagua. Ba aliweka kikombe chini akasema sawa, wiki moja mbili hivi. Mume wangu akajikatia kipande kingine cha keki. Mimi niliyemzaa hakuna aliyeniuliza. Niliambiwa tu nifungashe nguo zake, nikafungasha.

Wiki zikawa miezi. Jumapili walitutumia gari twende kumwona, na kila nikienda nilimkuta ana kitu kipya: viatu, baiskeli ya magurudumu matatu, nywele zimenyolewa bila mimi kuulizwa. Mwanzoni alimwita bhabhi "mama mukubwa", na ndivyo ipasavyo. Halafu lile "mukubwa" likadondoka. Jumapili moja alianguka barazani, akachubuka goti, akakimbia akilia. Nilishafungua mikono. Alinipita, akaenda kujitupa kwa bhabhi, naye akaniangalia juu ya kichwa cha mwanangu.

"Watoto wanasahau upesi, mudogo wangu," akasema, na akacheka.

Kicheko kile ninacho mpaka leo. Siku hiyohiyo nikamsikia kaka mkubwa akimwambia mume wangu kwamba wamempatia kijana shule ya watoto huko Kinindo, na kwamba ni rahisi zaidi akiandikishwa kama mtoto wao. Tuliporudi mjini nikamfuata Ba jikoni, nikamwambia namtaka mwanangu kabla hajaandikwa wa watu. Ba alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Wewe unaweza kuzaa mwingine," akasema. "Yeye je?"

Loo, nilitamani kuumwaga ule mchele wote sakafuni! Lakini kupiga kelele kungenisaidia nini katika nyumba ile? Nikauma meno, nikangoja.

Sasa sikilizeni. Kwetu kuna siku moja katikati ya kiangazi, mwezi ukiwa unapungua, ambayo mama mwenye watoto hawashi moto. Tunapika siku iliyotangulia, tunalizima jiko, tunalisugua, tunalipaka alama nyekundu. Siku yenyewe tunaoga maji baridi na kula vya baridi kutwa nzima. Inasemwa kuwa mungu mama wa ndui na surua hupita nyumba hadi nyumba, akitafuta majivu yaliyopoa ajilaze. Akikuta makaa yanawaka akaungua, hulipiza kwa mtoto wa nyumba hiyo. Ba aliliamini hilo kuliko alivyoamini kwamba kuna vita.

Tarehe hubadilika kila mwaka, na kazi ya kuwapigia simu wanawake wa kwetu na kuwakumbusha ilikuwa yangu. Bhabhi sikuwahi kumpigia hata mwaka mmoja, maana siku ile ni ya wenye watoto. Akitukuta jikoni Ba alimwambia, "Wewe haikuhusu, kakae sebuleni." Alikuwa akienda, anakaa peke yake, anafungua gazeti la zamani. Zamani nilikuwa namhurumia.

Mwaka ule niliwapigia wote. Yeye, apana. Lakini jioni, wakati jiko langu limeshapoa na nalisugua, simu ikalia. Bhabhi mwenyewe! Kijana hataki mkate, anasema, ni kitu gani anapenda kula asubuhi na chai?

"Maandazi," nikamwambia. "Yawe ya moto, yametoka sasa hivi kwenye mafuta. Hapo atakula vizuri sana."

Na ilikuwa kweli tupu, mwanangu aliyapenda maandazi ya moto.

Asubuhi Ba alimaliza sala zake mbele ya jiko baridi, akampaka binti yangu alama kipajini, akamlisha kijiko cha mtindi na kipande cha mkate wa jana. Nikasogea. "Ba, na mjukuu wako wa Kinindo? Yeye hapati baraka mwaka huu?" Ba alishtuka, akaomba viatu vyake. Tukapanda taksi, chombo cha vyakula baridi kikiwa mapajani mwake.

Mlinzi alitufungulia geti. Harufu ya mafuta ya moto ilitupokea kabla hatujafika nyuma ya nyumba. Bhabhi alikuwa amechutama uani mbele ya mbabula, makaa mekundu, karai linachemka. Mwanangu amekaa kwenye kigoda karibu yake, andazi mkononi, mashavu yanang'aa mafuta. Walikuwa wanacheka wote wawili.

Chombo kilimponyoka Ba, mtindi ukamwagika kwenye saruji.

"Nani amewasha moto?"

"Mimi, Ba," bhabhi akasema huku akisimama. "Mutoto alikuwa na njaa."

"Leo? Mtoto yuko ndani ya nyumba, na wewe unawasha moto leo?"

Niliona bhabhi alipoelewa. Uso ulimwanguka. Akanigeukia taratibu.

"Jana tumeongea. Mbona haukuniambia?"

Jibu nilikuwa nimeliweka tayari tangu ile Jumapili ya goti.

"Mama ya mutoto anaambiwaka, bhabhi?"

Ba alichota maji kwenye ndoo, akayamwaga juu ya makaa, moshi ukajaa uani. Kisha akamwondoa mwanangu kwenye kigoda na kunipa mimi, kwa mikono yake mwenyewe, ileile iliyomtoa. "Huyu arudi kwa anayejua," akasema. Nguo hatukungoja.

Mwanangu alilia njia nzima mpaka getini. Alinyoosha mikono juu ya bega langu kuelekea nyuma, akiita "Mama! Mama!" na hakuwa ananiita mimi. Nilisikia vizuri. Nikambana zaidi, nikaingia kwenye taksi.

Alilia siku kadhaa akiitaka baiskeli yake, kisha akarudi kula mkononi mwangu. Ile shule haikutajwa tena. Mpaka Ba anafariki, hakumruhusu alale Kinindo.

Tangu hapo kila mwaka, jiko langu linapopoa, mtu wa kwanza ninayempigia simu ni bhabhi. "Bhabhi, kesho tusiwashe moto," namwambia kwa sauti tamu kabisa. Najua hana mtoto wa kumzimia jiko. Ndiyo maana napiga. Naye hujibu "asante" na kukata.

Mwaka jana hakukata.

"Usikuwe unajisumbua kunikumbusha," akasema. "Tangu mulipomuchukua sijawasha moto siku hiyo. Nazima, nasugua, nakula vya baridi. Kwa ajili yake. Ni muzima?"

Nikamjibu kwamba ni mzima. Nikaweka simu, nikasimama mbele ya jiko langu. Mwanamke yule! Hata siku yangu ameichukua.