Bwana Kichocho na Kikopo Namba Moja

Mtaa mzima wa Madungu wamwita Bwana Kichocho, kwa kazi yake ya kupima ugonjwa huo. Kila asubuhi yuko milangoni mwa watu na vikopo vyake vya kutilia mkojo, sauti ya chini utadhani anaomba chumvi. "Mimi msomi wa mikojo ya wenzangu," hujitania. Wiki ile wajukuu wa Bi Mize walikuwa wanakojoa damu, na bibi yao kakataa wapimwe, wasije wakasemwa mtaani.

"We mwanangu, mkojo wako ushaupima?" Bi Mize akamuuliza mlangoni.

"Miaka tisa ya kazi hii sijaupima, mama, naona haya."

Akachukua kikopo, akaingia chooni. Watoto wakakusanyika mlangoni.

"Kunywa maji, twakungoja," Bi Mize akasema.

Alitoka kalowa jasho, kikoponi matone matatu. Akaandika namba moja, na jina lake.

Bi Mize akanyoosha mkono. "Haya, lete na vya watoto."